Kutoka Fundi hadi Etaji: Historia ya Usanifu wa Kisasa wa Majengo Jijini Bujumbura kwa Ushahidi wa Msamiati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna usanifu wa kisasa wa majengo ulivyoingia na kubadilika jijini Bujumbura, Burundi, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi leo. Ushahidi wake mkuu ni msamiati wa ujenzi unaotumiwa na mafundi na wakazi katika Kirundi na katika Kiswahili cha Bujumbura. Inaoneshwa kwamba msamiati huo una matabaka mawili makuu: maneno ya kazi ya mkono, ambayo kwa sehemu kubwa yalitoka katika Kiswahili, na maneno ya kiwanja, kibali na mchoro, ambayo yalitoka katika Kifaransa. Makala yanadai kwamba mgawanyo huo unaakisi mgawanyo wa mamlaka baina ya anayejenga na anayeamua kijengwe nini, na kwamba mgawanyo huo bado ungalipo wakati huu ambapo usanifu duniani unarejea kwenye udongo na kwenye ujuzi wa mafundi wa mahali. Inapendekezwa kwamba istilahi za mchoro na za kibali ziundwe kwa kuanzia na maneno ambayo mafundi tayari wanayo.

Maneno muhimu: usanifu wa majengo, Bujumbura, Kirundi, ukopaji wa maneno, istilahi, historia ya miji

1.0 Utangulizi

Mjadala wa usanifu wa majengo duniani leo una pande mbili. Upande wa kwanza ni wa minara ya zege na kioo, inayofanana iwe Dubai, Shanghai au Nairobi, na ambayo katika nchi za joto haikaliki bila viyoyozi. Upande wa pili ni wa wasanifu wanaouliza jengo litatumia udongo gani, kivuli gani na mikono ya nani. Upande huu wa pili umepata heshima kubwa katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 Tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa kuwa ya juu kabisa katika fani hiyo, ilitolewa kwa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wa Ufaransa, wanaoshikilia kwamba jengo linaloweza kukarabatiwa lisibomolewe. Vassal alianza kazi yake nchini Niger, na uzoefu wa huko ulibaki katika fikra zake. Mwaka 2022 tuzo hiyo ilikwenda kwa Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Jengo lililomtambulisha ni shule ya msingi ya kijijini kwake, iliyokamilika mwaka 2001, yenye kuta za matofali ya udongo na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Wanakijiji wenyewe waliijenga.

Bujumbura haitajwi sana katika mjadala huo. Historia ya majengo yake, pale ilipoandikwa, imeandikwa kwa Kifaransa zaidi, na imeandikwa kwa kufuata ramani, sheria na majina ya wasanifu kutoka Ulaya. Njia hiyo ina faida zake, lakini humwacha nje mtu aliyeinua ukuta. Yeye hakuacha mchoro wala ripoti. Aliacha ukuta wenyewe, pamoja na maneno aliyoyatumia alipokuwa akiujenga. Maneno hayo bado yanasemwa.

Katika eneo lolote la ujenzi jijini Bujumbura, watu wawili husimama juu ya jukwaa moja. Wa kwanza anaitwa kwa Kirundi *umufundi*, neno ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili atalitambua. Wa pili, anayembebea mchanga na kumkorogea udongo, anaitwa *umuyede*, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msaidizi. Mahali penyewe panaitwa *ishantiye*, Kifaransa tena. Matofali ni *amatafari*, misumari ni *imisumari*, saruji ni *isima*. Sentensi moja ya kazi huweza kuwa na lugha tatu, na kila moja imeingia kwa mlango wake. Makala haya yanafuatilia milango hiyo.

Ni muhimu kutaja mpaka wa njia hii. Neno halina tarehe iliyochongwa juu yake. Maneno ya Kiswahili hayakukoma kuingia Kirundi Wajerumani walipoondoka, kwa sababu askari, wafanyabiashara na vibarua waliotoka Kongo na Tanganyika wakati wa Wabelgiji nao walisema Kiswahili. Kwa hiyo tabaka la msamiati halisomwi hapa kama kipindi cha kalenda. Linasomwa kama alama ya mkono uliokileta kitu: kama kilikuja kwa mtu wa kazi, au kwa mtu wa ofisi.

2.0 Maneno ya mkono

Nyumba ya zamani ya Burundi ilikuwa ya duara, iliyosukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi, ikizungukwa na ua. Mfano wake unaweza kuonekana hadi leo huko Gishora, karibu na Gitega, mahali panapotunzwa ngoma za kifalme. Makazi hayo yote, nyumba pamoja na ua wake, huitwa *urugo*, na katika Kirundi kujenga urugo ni kuoa na kuanzisha familia. Neno *umuryango* lina maana mbili: mlango wa nyumba, na ukoo. Hapa Kirundi na Kiswahili ni ndugu wa damu, maana *mlango* wa Kiswahili una asili hiyohiyo, na katika miji ya pwani mlango nao ulitumika kutaja tawi la ukoo. Kwa jamii zote mbili, watu waliopita katika uwazi mmoja walikuwa watu wamoja.

Kwa sababu hiyo, inafaa kutazama ni maneno gani Kirundi hakikuazima. Hakikuazima neno la nyumba, lilikuwapo, *inzu*. Hakikuazima neno la mlango wala la paa, ambalo ni *igisenge*. Kiliazima pale ambapo kitu chenyewe kilikuwa kigeni. *Idirisha* limetoka kwenye dirisha, ambalo Kiswahili nacho kilikuwa kimelipata kutoka Kiajemi. Nyumba ya duara iliyosukwa haikuwa na dirisha, hivyo uwazi ule ukutani na jina lake viliingia pamoja. *Umusumari* limetoka kwenye msumari, lenye asili ya Kiarabu. Nyumba iliyofungwa kwa kamba haikuwa na haja ya chuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa tofali, kwa bati na kwa barabara, ambayo Kirundi huiita *ibarabara*. Ndani ya nyumba ya pembe nne viliingia *ameza* na *igitanda*, vyombo ambavyo majina yao ya Kiswahili hayajifichi. Orodha hii kwa hakika ni maelezo ya jengo zima: nyumba yenye kuta zilizonyooka, madirisha, paa la bati na fanicha, ikitazama barabara. Huo ndio usanifu wa kisasa kama ulivyofika kwa mara ya kwanza, na jina lake lilikuwa la Kiswahili.

Sababu za kihistoria zinajulikana. Ujiji, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ulikuwa mji wa misafara uliounganishwa na pwani, na wasemaji wa Kiswahili walikwishafika katika ukanda wa ziwa kabla ya mkoloni. Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi na mafundi waliosema Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi ya utawala wao katika Afrika Mashariki. Kijiji cha Waswahili kikakua kando ya kituo. Mjerumani aliamuru boma lijengwe, lakini hakuwa yeye aliyemfundisha Mrundi kulaza tofali. Hilo lilifanywa na fundi, na ndiyo maana jina lililobaki ni lake.

3.0 Nje ya mila: mtaa wa Buyenzi

Wabelgiji waliichukua Usumbura mwaka 1916 na kuifanya makao ya utawala wa Ruanda-Urundi, eneo walilokabidhiwa na Shirikisho la Mataifa. Mji ukagawanywa. Wazungu walipewa katikati na miinuko ya mashariki, wafanyabiashara wa Kiasia wakawa na mtaa wao, na Waafrika wakawekwa katika mitaa iliyopimwa kwa kamba. Waswahili waliokuwa karibu na ziwa walihamishiwa Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa mistari. Njia zake zimenyooka, zinakatana kwa pembe sawa, na hazikupewa majina bali namba. Mpaka leo mkazi huelekeza nyumba kwa kutaja namba ya avenyu. Kwa macho ya mpimaji, huo ulikuwa usasa kamili: mtaa unaoweza kuhesabiwa, kulipishwa kodi na kukaguliwa. Sheria ya Wabelgiji ilikuwa na jina maalumu kwa mitaa ya namna hiyo, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "kituo cha nje ya mila". Maana yake ilikuwa kwamba wakazi wake hawakuwa chini ya watemi wa vijijini. Hata hivyo jina lilisema zaidi ya ilivyokusudiwa. Lilidai kwamba mtu akishaingia katika mtaa uliopimwa, ameacha mila yake nje.

Majengo ya Buyenzi yanakanusha dai hilo. Ndani ya viwanja vilevile vilivyopimwa, wakazi walijenga kwa namna inayofahamika Ujiji, Rumonge na pwani yote: baraza mbele, vyumba nyuma yake, na uani pa kupikia, kufulia na kupokea wageni wa kike. Kiwanja kimoja kikabeba kaya kadhaa, mwenye nyumba na wapangaji wake wakishiriki ua mmoja. Misikiti na madrasa vikapata mahali pake, na baadaye gereji na karakana zikaenea pembezoni mwa njia. Kwenye karatasi Buyenzi ilikuwa nje ya mila, lakini ndani ya nyua zake mila mpya ya mjini ilikuwa ikitengenezwa, kwa Kiswahili. Kirundi chenyewe kikalichukua neno la sehemu ya nyumba iliyo muhimu kuliko zote kwa mila hiyo: *urubaraza*.

Ua huo haukuwa jambo la urembo tu. Katika miaka ya vita iliyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika kikabila. Nyumba zikateketezwa, mabati na milango vikang'olewa, na watu wakahama kwenda kwa wale waliodhaniwa kuwa wenzao. Buyenzi ilijulikana kwa kubaki mtaa wa watu waliochanganyika. Sababu zake ni nyingi, na si za kisanifu pekee. Lakini mtaa ambao kaya nne zinachota maji katika ua mmoja, na ambao utambulisho wa Uswahili ulikwishakata njia katikati ya Uhutu na Ututsi, haukugawanyika kirahisi. Mpimaji wa Kibelgiji hakuyachora hayo katika ramani yake.

4.0 Maneno ya ofisi: OCAF na nyumba ya kudumu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ubelgiji ilianza kujenga kwa kasi katika makoloni yake. Mwaka 1952 iliundwa Ofisi ya Miji ya Kiafrika, iliyojenga maelfu ya nyumba katika miji kama Léopoldville, Élisabethville, Bukavu na Usumbura. Nyumba zake zilikuwa za aina chache zilizorudiwarudiwa, za vifaa imara, zilizopangwa katika makundi yenye shule, soko na kanisa. Wasanifu wake walifuata fikra zilizokuwa zikitawala Ulaya wakati huo: jua, hewa, usafi na familia moja katika nyumba moja.

Mtaa wake mkubwa Bujumbura ni Ngagara. Wakazi wa jiji, hata waliozaliwa miongo mingi baada ya ofisi hiyo kufa, bado huuita kwa kifupisho cha ofisi hiyo: OCAF. Makundi ya nyumba nayo yamebaki na namba, na mtu husema anaishi karitie ya tatu au ya sita. Jambo hili lina ndugu yake Dar es Salaam na Nairobi, ambako jina Kariakoo, au Kariokor, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika miji yote mitatu, chombo cha dola kilikufa na jina lake likawa jina la kwao watu. Tofauti ni kwamba Kariakoo limetafunwa na ulimi wa Kiswahili mpaka asili yake haisikiki, ilhali OCAF bado linasomwa herufi kwa herufi, kama mhuri.

Pamoja na OCAF yaliingia maneno ya tabaka la pili: *parseli* kwa kiwanja, *karitie* kwa mtaa, *plani* kwa mchoro, *sima* kwa saruji, *beto* kwa zege, *saloni* kwa sebule, *etaji* kwa ghorofa. Mengi ya vitu hivi yalikuwa na majina ya Kiswahili yaliyokuwa tayari. Saruji lilikuwapo, ramani lilikuwapo, ghorofa lilikuwapo. Kinyarwanda hata kililichukua hilo la mwisho na kusema *igorofa*. Kwa nini basi Bujumbura isikike zaidi etaji? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba vitu hivi havikuletwa na fundi. Saruji ilitoka dukani kwa hati, mchoro ulitoka ofisini kwa muhuri, na kiwanja kilitolewa kwa barua. Neno lilitoka mahali kibali kilipotoka.

Katika Kifaransa cha utawala kuna mgawanyo mmoja uliokuwa na nguvu kuliko msamiati wote huo: nyumba za vifaa vya kudumu, za nusu-kudumu, na zisizodumu. Mgawanyo huo ungali unatumika. Kwa sura yake ni maelezo ya kiufundi. Kwa matumizi yake ni hukumu. Nyumba ya kudumu huweza kupata hati; isiyodumu huweza kuvunjwa. Udongo, ambao Warundi waliujua kwa vizazi, ukajikuta upande wa pili wa mstari, si kwa sababu ulikuwa umepimwa ukaonekana dhaifu, bali kwa sababu haukuwa na risiti.

Haina maana kwamba kipindi hicho hakikuacha majengo mazuri. Juu ya kilima cha Kiriri, Wajesuti walijenga katika miaka ya 1950 Chuo cha Roho Mtakatifu, kilichosanifiwa na Mbelgiji Roger Bastin kwa ajili ya wanafunzi wa rangi zote. Majengo yake yamelazwa kwa kufuata mteremko, yakitazama ziwa na milima ya Kongo, na baadaye yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Burundi. Katika nyumba nyingi za miaka hiyo huko Rohero na Kiriri zipo kuta za matofali yenye matundu, mapaa yaliyotokeza nje na varanda pana. Joto la Imbo liliwalazimisha wasanifu wa zege kutafuta kivuli na upepo, yaani kutafuta kile ambacho baraza la Buyenzi lilikuwa nacho tangu mwanzo.

5.0 Baada ya uhuru: soko na etaji

Tarehe 1 Julai 1962 Burundi ilipata uhuru na Usumbura ikawa Bujumbura. Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 1961, lilijengwa kwenye mwinuko unaolitazama jiji, na likawa mojawapo ya majengo ya kwanza ambayo taifa lilijijengea lenyewe. Nyumba ziliendelea kujengwa na mashirika ya umma, kwa mtindo usioachana sana na ule wa OCAF. Majina ya waamuzi yalibadilika; lugha ya kibali haikubadilika.

Jengo lililogusa maisha ya watu wengi zaidi lilikuwa Soko Kuu. Jina lake, *isoko*, ni la Kiswahili chenye asili ya Kiarabu, na wafanyabiashara wake walitoka kila mtaa na kila kabila. Jumapili asubuhi, tarehe 27 Januari 2013, liliteketea kwa moto. Maelfu ya watu walipoteza bidhaa na mitaji, na uchumi wa jiji ulitikisika. Miaka minane baadaye, Julai 2021, soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam nalo liliungua. Jengo hilo la miaka ya 1970 lilikuwa limesanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, ambaye aliinua juu yake mapaa ya zege yaliyofunguka kama miavuli ili kukinga mvua na kuruhusu hewa. Mikasa hii miwili inafundisha jambo moja kuhusu usanifu wa kisasa katika miji yetu: jengo la umma hupimwa kwa watu linaowabeba. Kariakoo ilipoungua, jina la msanifu wake lilitajwa tena, naye akakumbukwa kama mwananchi. Bujumbura ilipoungua, waliotajwa walikuwa wenye meza.

Jiji la leo linaota etaji. Katikati ya mji na kando ya barabara kuu, majengo ya ghorofa nyingi yenye vioo vya rangi yanasimama pale palipokuwa na nyumba za chini zenye varanda. Sakafu ni za *amakaro*, neno jingine la Kifaransa, na vigae vyenyewe mara nyingi hutoka mbali. Mwaka 2019 ilikabidhiwa ikulu mpya ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kaskazini mwa jiji kwa msaada wa China. Na mwaka huohuo Gitega ikafanywa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikabaki kitovu cha uchumi. Kioo cha ukutani huitwa *ikirahuri*, jina lilelile la gilasi ya kunywea, ambalo katika Kiswahili cha upande wa Kongo ni *kilauri* na katika Kiswahili cha pwani ni bilauri. Neno limesafiri mbali, lakini tabia ya kitu haijabadilika: kioo kinaloelekezwa jua la Ziwa Tanganyika hushika joto na kulitunza.

6.0 Maji na maana ya kudumu

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima inayoizunguka Bujumbura. Maji na matope vilishuka hadi mitaa ya kaskazini, hasa Kamenge na Kinama. Zaidi ya watu 60 walifariki, wengi wao wakiwa watoto, na mamia ya nyumba yaliporomoka. Nyingi zilikuwa za *rukarakara*, yaani matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Tofali bichi lisilo na msingi wa jiwe, lililowekwa katika njia ya maji, hurudi kuwa udongo kwa muda mfupi.

Wengi waliona katika msiba huo uthibitisho wa mgawanyo wa zamani: udongo haudumu. Lakini ziwa limeleta ushahidi mwingine. Kwa miaka kadhaa maji ya Tanganyika yamekuwa yakipanda. Gatumba, karibu na mto Rusizi, imefurika mara kwa mara, na mwezi Aprili 2024 serikali iliomba msaada wa kimataifa. Kajaga na Kibenga, kwenye ufuo, nyumba za zege zenye hati kamili zilisimama ndani ya maji. Hakuna aliyeweza kusema kwamba vifaa vyake havikuwa vya kudumu. Kilichokosekana kilikuwa mahali.

Kwa hiyo neno *kudumu* linahitaji kurudishwa mezani. Katika Kifaransa cha ofisi, kudumu ni sifa ya kifaa. Katika Kiswahili, kudumu husemwa pia kuhusu ndoa, urafiki na ujirani. Ni sifa ya uhusiano kati ya kitu na mahali pake na watu wake. Nyumba ya rukarakara juu ya msingi mzuri, yenye paa lililotokeza na mfereji wa maji, huweza kuwahifadhi wajukuu. Nyumba ya zege ndani ya ukingo wa ziwa huweza isimalize muongo. Swali la kisanifu la Bujumbura ni swali la tafsiri pia.

7.0 Kurudi kwa baraza: maktaba ya Muyinga

Mfano unaoonesha kwamba mgawanyo wa udongo na usasa unaweza kuvukwa haupo Bujumbura bali Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi. Mwaka 2012 wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels walikamilisha huko maktaba kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Ni jengo dogo, la mita za mraba 140 hivi. Kuta zake ni za matofali ya udongo wa palepale, yaliyoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa; nguzo zake zimekaribiana ili kuzitegemeza kuta ndefu; paa lake ni la vigae vya udongo vilivyofinyangwa nchini. Ndani kumetandazwa juu wavu mkubwa wa kamba za katani, ambamo watoto hulala na kusoma.

Upande wa mbele, katika urefu wote wa jengo, kuna ukumbi wazi wenye kivuli. Wasanifu walieleza kwamba waliuchukua kutoka katika nyumba za Burundi walizozitembelea, ambamo sehemu kubwa ya maisha hupitia hapo. Jina lake ni *urubaraza*. Usanifu ulio mpya kabisa, uliopigwa picha na kuchapishwa katika nchi nyingi, ulifika Muyinga na kukuta jibu lake limo katika neno ambalo Kiswahili kiliipa Burundi zamani. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kujengwa kwa mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa eneo hilo, ni ushahidi mwingine kwamba ujuzi wa mikono si hatua ya kuvukwa ili kuufikia usasa.

Hata hivyo, mifano hii haipaswi kusifiwa bila tahadhari. Michoro ya Muyinga ilichorwa na ofisi ya Ulaya. Fundi aliyeshindilia tofali alijua kitu ambacho msanifu alikuja kujifunza, lakini alipotaka kueleza kwa nini ukuta ule unasimama, hakuwa na neno la kulipeleka ofisini. Maneno ya mkono na maneno ya ofisi yalikutana kwa muda, kwa ukarimu wa watu wachache. Hayajaunganishwa.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba msamiati wa ujenzi wa Bujumbura unatunza historia ambayo hati za kikoloni hazikuiandika. Kiswahili kilileta nyumba ya madirisha na misumari kwa njia ya fundi. Kifaransa kilileta parseli, plani na hukumu ya kudumu kwa njia ya ofisi. Kati ya tabaka hizi mbili, wakazi wa Buyenzi walijenga mji ambao haukuwa nje ya mila, na wakazi wa Ngagara wakageuza kifupisho cha dola kuwa jina la nyumbani.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kiswahili kinafundishwa shuleni nchini Burundi. Hatua hizi zinatoa nafasi ya kazi mahususi, na makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, maneno ya mafundi wa Bujumbura yakusanywe katika maeneo ya ujenzi, pamoja na maelezo yao ya matumizi, kabla ya kizazi kilichojifunza kazi kwa mkono hakijaondoka. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyuo vikuu vya kanda, vinapounda istilahi za usanifu, vianzie kwenye maneno hayo, visianzie kwenye kamusi ya Kiingereza au ya Kifaransa. Tatu, matangazo ya vibali, ya ubomoaji na ya maeneo hatarishi kwa mafuriko yatolewe kwa Kirundi na Kiswahili, na mgawanyo wa vifaa vya kudumu na visivyodumu uelezwe upya kwa kuzingatia mahali, msingi na matunzo.

Wakati haya yakisubiriwa, ujenzi haungoji. Juu ya jukwaa, fundi huomba tafari kwa Kiswahili, na yede humpa. Mchoro umekunjwa ndani ya bahasha ya msimamizi, kwa lugha ambayo huenda hakuna kati yao anayeisoma. Ukuta unapanda. Siku wawili hao watakapoweza kuufungua mchoro huo na kuuliza, kwa maneno yao wenyewe, maji ya mvua yatapita wapi, ndipo itakapokuwa sahihi kusema kwamba usanifu wa kisasa umefika Bujumbura.